Kompyuta Isiyo na Sebule

Radi ilipiga Jumapili saa tisa na nusu mchana, upande wa uwanja wa ndege, nami nikafanya kile ambacho mama yangu alinifundisha na ambacho majirani zangu wote wa Kabeza, hapa Kigali, walikuwa wanakifanya dakika hiyohiyo: nilichomoa kila waya ukutani. Redio, chaja ya simu, birika la umeme. Nikafunika kioo kwa kanga. Halafu nikachomoa kompyuta ya Trinah. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo ilizimika palepale.

Trinah aliniangalia kutoka kitandani. Akafumba macho kwa nguvu, akafumbua, akafumba tena. Kwetu sisi wawili, kutazama juu ni ndiyo, kufumba ni hapana. Alikuwa ananiambia hapana, hapana, hapana.

"Ni radi tu, mwanangu," nikamwambia. "Ikipita nitairudisha."

Ikapita, nikairudisha. Ikawaka, ikaandika mistari yake myeupe kama kawaida, halafu skrini ikawa nyeusi, ikapepesa, ikawa nyeusi, ikapepesa tena. Nikasubiri Salamu Maria kumi. Nikaizima, nikaiwasha. Ikapepesa. Ndipo yaliponirudia vizuri maneno ya Eddie, mtoto wa kaka yangu, aliyoniachia mlangoni wakati anaondoka: "Shangazi, usiiguse mpaka imalize yenyewe. Ikikatwa katikati itaharibika."

Niliyasikia alipoyasema. Siwezi kusema sikuyasikia. Lakini radi ni radi, na mkono wangu ulikwenda ukutani kabla yangu.

Trinah ni binti yangu, ana miaka thelathini na minne. Kabla ya ugonjwa alikuwa fundi wa kompyuta kule Muhima, dukani kwa mzee Usumani, na wateja walikuwa wanakaa kwenye benchi kumngoja yeye tu, hata mafundi wengine wakiwa hawana kazi. Ugonjwa wake unakula misuli. Ulianza kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ukapanda, ukashuka miguuni, mwaka jana ukafika kwenye ulimi. Akili haujaigusa. Yeye mwenyewe aliuona unavyokuja, na vidole vilipokuwa bado vinamtii alichukua laptopu kuukuu ambayo mteja aliitelekeza dukani, akajijengea sauti.

Nilikuwa nakaa naye akiijenga, namshikia taa. Nilimuuliza kwa nini haina picha, haina maua, haina vile vialama vya rangi ninavyoviona kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia. Akacheka, wakati huo bado alikuwa anaweza kucheka kwa sauti.

"Mama, kompyuta za watu zina sebule, zina makochi, makabati na mapazia. Hii nguvu zake ni ndogo. Nimeipa chumba kimoja na kiti kimoja. Nikiiletea makochi haitapata pa kupumulia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukiiwasha, inapitisha mistari, halafu inabaki skrini nyeusi yenye dirisha moja tu, na ndani ya dirisha herufi zimepangwa kwa safu. Safu zinawaka moja baada ya nyingine. Trinah anabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, ndicho pekee kilichobaki, kitufe cha kengele ya mlango alichokiunganisha kwa waya. Safu inasimama, herufi zake zinaanza kuwaka moja moja, anabonyeza tena. Kwa siku nzima alikuwa anaandika nusu ukurasa. Sauti yake yote ilikuwa humo.

Sasa Jumapili ile baada ya misa walikuja wageni kumwona mgonjwa. Mutabazi, kifungua mimba wangu, alikuja na mkewe, na mkewe akaleta wenzake wa kikundi cha maombi. Mmoja akaitazama ile skrini nyeusi akasema, "Mana we! Mbona inafanana na kaburi?" Wengine wakaguna. Mutabazi akaona aibu. Yeye ni mtu wa ofisi, nyumba yake ya Kagarama ina kila kitu, na watu wakisema nyumba ya mama yake ina kaburi ndani inamuuma. Eddie alikuwepo, anauza simu mjini na vidole vyake ni vyepesi. Akasema, "Si jambo gumu. Naiwekea sura kamili kama ya watu. Dada Trinah naye afurahi, nitamwekea na picha ya Bikira Maria nyuma."

Trinah akafumba macho. Nilimwona. Miaka mitatu namgeuza, namlisha, namfuta mate. Naijua tofauti ya macho yaliyochoka na macho ya hapana.

"Amechoka," Mutabazi akasema.

Mbele ya wageni sikumkatalia Mutabazi. Nikaenda kuongeza maziwa kwenye chai. Eddie akabonyezabonyeza, akaacha kimodemu chake juu ya meza, akatuambia itajivutia vitu vyake kwa saa mbili, akaenda kwenye sherehe ya kuposa ya rafiki yake. Halafu ikaja radi.

Kilichonikausha mate ni Jumatatu. Jumatatu saa nane mchana muuguzi Scovia alikuwa anakuja kuchukua jibu la Trinah.

Pumzi yake ilikuwa inapungua. Daktari alitueleza njia mbili: kumtoboa koo na kumwekea mrija wa mashine ya kupumulia, au kumwacha hivyohivyo, nyumbani, na dawa za kumtuliza mpaka mwisho. Nafasi kwenye chumba cha upasuaji ilikuwa Jumatano, na orodha inafungwa Jumatatu. Daktari akasema mbele yetu sote: "Nataka maneno yake mwenyewe. Sitaki ndiyo na hapana ya macho huku ndugu wamezunguka kitanda. Aandike kwa kitufe chake, bila mkono wa mtu. Asipoandika, basi ndugu watasaini." Mutabazi aliipokea fomu hapohapo, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

Mimi nilitaka mrija. Sifichi. Nilishamzika baba yao, na uhai ni wa Mungu, siyo wetu kuuweka chini tukichoka. Lakini Trinah hakuwa amemwambia mtu yeyote anataka nini. Kila nilipomuuliza, alikuwa anafumba macho na kuyaacha yamefumba.

Jumapili ileile nilimpigia Eddie, ngoma zikilia nyuma yake.

"Shangazi! Ulichomoa?"

"Ilipiga radi."

"Yesu! Sasa hiyo imekufa nusu. Itabidi kufuta kila kitu na kuanza upya. Alfajiri napanda basi la Kampala, nikirudi Alhamisi nitapita."

"Alhamisi hainisaidii, Eddie."

"Basi mpe kalamu," akasema, halafu akakumbuka. "Samahani, shangazi. Nisamehe."

Jumatatu asubuhi saa mbili nikampigia mzee Usumani. Alikuwa Rusizi kwenye msiba wa shemeji yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, ndivyo alivyo.

"Mama Trinah, wallahi ningekuwa Kigali ningekuja kwa miguu. Lakini hata ningekuja, ile mashine siijui. Kila mtu akijenga yake namna ile anaweka vitu anapotaka yeye, ni kama jiko la mwanamke mwingine, utatafuta chumvi mpaka jioni. Nikibahatisha naweza kumfutia kila kitu. Mwenye kujua yuko hapo kitandani. Muulize yeye."

"Nimuulize kwa mdomo gani, mzee? Mdomo wake ndio ulioharibika."

Nikasikia watu wanasoma dua nyuma yake. "Mungu akufungulie, mama," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Kompyuta ilikuwa inapepesa juu ya meza kama jicho lililoingiwa na vumbi. Nilisoma mpaka darasa la sita, kule Ngara, Tanzania, tulikokimbilia, na huko tulifundishwa kusoma kwa silabi. Nikaanza. "Ba, be, bi, bo, bu." Trinah akafumba. "Cha, che, chi." Akafumba. Nilikwenda mpaka za, ze, zi, na jasho likanitoka, na yeye anafumba tu, na mara ya mwisho akanitazama kama alivyokuwa ananitazama akiwa binti wa miaka kumi na mitano, kwamba mama, tafadhali.

"Siyo silabi?"

Akatazama juu.

"Herufi moja moja?"

Juu. Halafu macho yakakimbilia mezani. Yakarudi kwangu, yakaenda tena mezani. Nikatazama huko. Kompyuta, kitambaa, kikombe. Nikagusa kikombe: akafumba. Nikagusa kompyuta: juu. Nikagusa skrini: akafumba. Nikagusa vitufe vya kuandikia: juu, juu.

Nikainyanyua ile laptopu, nikaiweka juu ya mto kifuani pake, nikapitisha kidole kwenye vitufe, polepole, safu kwa safu. Safu ya mwisho chini: juu. Kitufe cha kwanza pembeni: juu. Nikakibonyeza. Akafumba. Ikanichukua robo saa kuelewa kwamba nisikiachie, nikishikilie, na kingine nikishikilie, na cha tatu juu kabisa, vitatu pamoja. Vidole vyangu vya kufulia havikutosha vizuri. Lakini nilipobonyeza cha tatu, kupepesa kukakoma. Skrini ikatulia, nyeusi, na neno moja jeupe likasimama pale juu, na alama ndogo ikipigapiga mbele yake.

Nikapiga ishara ya msalaba. Trinah alikuwa anapumua haraka.

Iliuliza jina. Jina lake nalijua, nikaliandika mwenyewe. Halafu ikataka nenosiri. Nikapitisha kidole, akanipa u, akanipa j, akanipa i. Niliandika lakini hakikutokea kitu chochote kwenye skrini. Nikabonyeza tena, na tena. "Haiandiki, mwanangu. Imekufa." Akafumba. "Haijafa?" Juu. "Inaandika lakini inaficha?" Juu. Basi nikaanza upya, na kwa kuwa macho yangu hayakuwa na kazi, nilihesabu herufi kama punje za rozari nisije nikarudia moja. U, j, i, b, a, r, i, d, i.

Uji baridi.

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yanacheka. Miaka mitatu ya uji wangu, kumbe alikuwa ananisengenya na mashine.

"Mshenzi wewe," nikamwambia. "Mzima ungepata kofi."

Ikatufungulia. Ilikuwa saa nne na nusu.

Sasa naeleza kilichofuata kama nilivyokielewa, na sikukielewa chote. Neno la kwanza alilonipa lilikuwa sudo. Nilidhani ni jina la mtu, kumbe ni neno la kuiamrisha mashine. Baada yake kukaja maneno mengine yasiyo na vokali ndani yake, na vistari, na nafasi. Kila herufi ilikuwa hivi: kidole kwenye safu ya kwanza, tazama macho, safu ya pili, tazama macho, akitazama juu, pita kitufe kwa kitufe mpaka atazame juu tena. Mstari mmoja ulituchukua nusu saa. Nikikosea, narudi nyuma. Mate yakimjaa nasimama, namfuta, namwinua kichwa, nasubiri pumzi irudi, tunaendelea.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, ukatiririsha maandishi mengi, halafu ukagoma. Nilimsogezea skrini asome. Akasoma, akataka vitufe. Akanipa: j, a, a.

"Jaa? Imejaa?"

Juu.

"Makochi ya Eddie?"

Juu, juu. Ile mashine ndogo ilikuwa imejazwa mpaka mlangoni, hata pa kufungia hakuna. Akanipa mstari wa pili, mfupi, wa kufagia vifurushi alivyoviingiza Eddie. Halafu tukarudia ule wa kwanza herufi kwa herufi, na ikauliza nenosiri tena kwa kuwa ilishasahau, nikaandika tena matusi ya uji wangu. Safari hii maandishi yalitiririka, yakatiririka, yakafika mwisho, ikanirudishia ile alama yake ya kupigapiga. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Uso wa Trinah ulikuwa na rangi ya majivu. Midomo, sijui kama ni mwanga wa dirishani, niliiona imeingia ubuluu.

"Tupumzike," nikasema. Akafumba.

Alikuwa ameanza kunipa mstari wa tatu, mrefu kuliko yote, wa kuizuia mashine isiitafute tena ile sura ya Eddie kila inapowaka, ndipo mlango ulipofunguliwa. Mutabazi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alisimama pale na koti lake, akatutazama: dada yake mgonjwa na laptopu kifuani, mama yake na kidole hewani.

"Mama, mnafanya nini?"

"Anatengeneza mashine yake."

"Nani? Huyu? Mama, jamani. Mtazame midomo."

"Nimemtazama kuanzia asubuhi. Wewe umemtazama dakika moja."

Akavua koti, akakaa kitandani upande wa miguu. Siyo mtu mbaya Mutabazi. Baba yao alipofariki alikuwa na miaka kumi na saba, akaacha mpira, akaanza kubeba saruji. Akauweka mkono juu ya mguu wa dada yake. "Sha, Trinah, utajiua kwa ajili ya kompyuta ya kutupa? Nitakununulia nyingine, kubwa."

Trinah akafumba macho.

"Unaona, amechoka."

"Siyo kuchoka," nikasema. "Hiyo ni hapana. Na jana pia ilikuwa hapana, nikanyamaza kwa sababu ya chai yako na wageni wako."

Akanitazama. Sijawahi kusema naye hivyo mbele ya mtu. Akatoa ile fomu mfukoni, akainyoosha gotini kwa kiganja.

"Mama, nikuulize. Mrija wewe unautaka. Mimi nautaka. Nikisaini sasa hivi, Jumatano anaingia. Lakini ukiimaliza hiyo mashine, na akaandika hataki, utafanyaje?"

Nikamfuta Trinah mate, Mutabazi akaendelea.

"Scovia akifika akakuta imeharibika, hakuna atakayekulaumu. Radi ilipiga. Pengine Mungu mwenyewe ndiye aliyeichomoa."

"Mungu hakuichomoa. Niliichomoa mimi."

"Basi kama mnaongea kwa kidole, muulize sasa hivi. Nipo hapa, nasikia."

"Daktari alisema bila mkono wa mtu."

"Kwa nini? Mkono wako una nini?"

Nikaona ni ubishi wa bure. Nikarudisha kidole kwenye vitufe, tukamaliza ule mstari mrefu, na Mutabazi anatazama saa, anatazama dari. Tuliumaliza saa saba na robo. Mashine ikakubali, haikusema neno. Likabaki neno moja, la kuufungua ule mlango wa chumba kimoja na kiti kimoja. Akanipa s. Akanipa t, a, r, t. Macho yake yakabaki kwenye vitufe, nikaelewa kwamba bado moja.

Safu ya juu: kimya. Ya kati: kimya. Ya chini: juu. Nikaanza kushoto. Kidole kikafika juu ya x, na macho ya Trinah yakapanda.

Niliyaona. Naapa mbele ya Mungu kwamba niliyaona vizuri, jua lilikuwa linampiga usoni. Na kidole changu kikapita. Kikaenda c, kikaenda v, kikaenda b, taratibu, kama cha mtu anayetafuta. Kikafika mwisho wa safu, kikasimama.

Nilikuwa nafikiri hivi: amechoka, nikipitisha mara mbili tatu atalala. Saa nane itafika. Mutabazi atasaini. Binti yangu ataishi, atanichukia, lakini atanichukia akiwa hai. Nikamwomba Mama wa Mungu anielewe kwa kuwa naye ni mzazi, na katikati ya maombi nikakumbuka kwamba yeye alisimama chini ya msalaba na hakumziba mtu mdomo.

Trinah hakufumba. Alinitazama tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, na alijua.

Kumbe mkono wangu ulikuwa na kitu. Daktari aliyeniona nusu saa tu alilijua hilo, mimi nikawa sijui.

"Mama, vipi?" Mutabazi akauliza.

"Niliruka moja," nikasema.

Nikarudi kushoto. Nikaibonyeza x, nikabonyeza kile kitufe kirefu cha kukubali. Skrini ikazimika kabisa, na moyo wangu nao. Halafu kukawa kweusi kwingine, kweusi kwa lile kaburi la wageni, na katikati lile dirisha moja, herufi zimekaa kwa safu zao. Safu ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka.

Nikamwekea kitufe chini ya kidole gumba. Mutabazi alikuwa amesimama. Kikalia *tik*. Baada ya muda *tik* nyingine. Tukamsubiri sote wawili mpaka alipoandika neno lake la kwanza tangu jana: MAJI.

Nikamlowesha midomo kwa pamba. 

Scovia alifika saa nane na dakika tano. Amekulia Mbarara, Uganda, Kiswahili chake cha kuokota, lakini ni mtu wa heshima. Alinisalimia kwa mikono miwili. "Mama, pole na mugonjwa. Iko tayari kuongea?"

"Yupo tayari."

Akavuta kigoda, akamweleza Trinah yote upya, mrija ni nini, bila mrija ni nini, kwa utaratibu, bila kumpigia kelele kama wanavyofanya wengine wakidhani ni kiziwi. Kisha akamwambia, "Sasa wewe andika. Siku yangu yote ni yako."

Kitufe kikaanza kulia. Tik. Tik. Mimi nilisimama nyuma ya kitanda, naona skrini. M. A. M. A. Nikajisogeza. N. J. E.

"Anakuomba utoke," Scovia akasema taratibu. "Na kaka pia."

Tukatoka. Tukakaa kwenye ngazi ya nyuma, penye ndoo na kamba za nguo. Mutabazi akainamisha kichwa kati ya magoti. Kupitia dirisha tulikuwa tunasikia kitufe kikilia, kinanyamaza, kinalia. Nilianza rozari, nikaipoteza kwenye fumbo la pili, nikaanza upya, nikaipoteza tena. Jirani alipita na beseni akatusalimia, sikumbuki kama tulimjibu. Saa nzima ikapita, na nyingine ikafika nusu.

"Mama," Mutabazi akasema, kichwa bado chini. "Ungeweza kuiacha."

"Najua."

"Mimi ningeiacha."

"Najua, mwanangu."

Scovia akatoka na karatasi aliyonakili kutoka kwenye skrini, herufi kubwa kama zilivyokuwa. Alisema Trinah amempa ruhusa ya kutusomea. Akasoma mara moja, hakupunguza wala kuongeza.

SITAKI KUTOBOLEWA. SIJALAZIMISHWA. NIMEFIKIRI MWAKA MZIMA. NATAKA DAWA YA KUZUIA KUKABWA. NATAKA NIBAKI HAPA KABEZA. MUTABAZI ASISAINI KITU. MAMA ATALIA MWACHENI ALIE.

Mutabazi alinyanyuka akaenda mpaka kwenye ukuta wa ua, akaegemeza paji la uso pale, mabega yakawa yanamruka. Scovia akanishika mkono, akaniambia kuhusu dawa, ataleta lini, nimpe vipi, na namba ya kupiga saa yoyote. Niliitikia. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe akamkaribisha mwizi. Nimekwenda kuungama baadaye, padri amesema nilichofanya si dhambi. Mwili wangu haujamsikia bado.

Alipoondoka nikarudi ndani. Trinah alikuwa amelegea, kidole gumba kimekaa juu ya kitufe. Nikakaa kwenye kigoda. Safu zinawaka, zinazimika.

Akaandika: UMEKASIRIKA.

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa na nguvu za kudanganya. "Nimekasirika sana."

Akatazama juu. Kisha kitufe kikalia tena. Ikaja N. Ikaja I. Siku zote nilikuwa na tabia ya kumalizia maneno yake. Akitoa herufi mbili mimi nasema nimechoka, nigeuze, nina njaa, na yeye ananiachia kwa kuwa ni haraka zaidi, hata nikikosea. Mdomo wangu ukafunguka. Nikaufunga.

Safu ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Nikakunja mikono mapajani, nikamngoja.